Namba ya Boma

Asubuhi ile nilitoka Nyamisangura, pale Tarime, bila kujua naenda wapi. Chumba nilikuwa nimekirudisha kwa mwenye nyumba jana yake, na hatukuwa na ugomvi wowote. Nilikuwa nimekaa pale miezi saba, nimeshajua kila duka la mtaa linafunguliwa saa ngapi, na nikishalijua hilo huwa naondoka. Ndivyo nilivyoacha shule pia, kidato cha pili, ingawa nyumbani walinitafutia sababu kubwa zaidi. Nilikuwa na begi moja, bisibisi sita ndani ya kopo la maziwa ya unga, na simu iliyokuwa inakaribia kuzima.

Karibu na kituo cha mafuta lilisimama Fuso limebeba mabati. Dereva aliniuliza naenda wapi. Nikamuuliza yeye anaenda wapi.

"Mbalibali. Mabati ya kanisa. Unajua kushusha mzigo?"

"Najua."

"Basi panda, huko ndiko unakoenda."

Nilikaa juu ya mabati. Saa kumi na mbili asubuhi mabati ni ya baridi, inapofika saa tatu hayakaliki. Tulivuka Mto Mara nikiwa nimechuchumaa. Mbalibali tulishusha mabati pembeni ya kanisa ambalo bado lilikuwa kuta tupu, dereva akageuza gari, mimi nikabaki nimesimama barabarani nikitafuta mahali pa kuchaji simu.

Hapo ndipo nilipomwona msichana amesimama juu ya kigoda katikati ya uwanja wa boma moja, ameinua mikono yote miwili juu ya kichwa. Mikononi alishika kitu mfano wa kitabu kinene. Waya mrefu ulitoka kwenye kitu hicho, ukapita uwanjani katikati ya kuku, ukaingia dirishani. Mlangoni alikaa bibi mmoja mzee mwenye shuka begani, akitoa maelekezo kwa fimbo.

"Kigeuze kwa Mugumu," alisema bibi. Msichana akageuka. "Bado? Kigeuze kwa Tarime basi. Kilinunuliwa Tarime, huko ndiko wanakokijua."

Nilisogea. Kitu kikinipita bila mimi kukielewa huwa siwezi kuendelea na safari.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mura, kijana, usisimame hapo, unakiziba."

Nikahama. Kitu kile kilikuwa rauta, ile ya intaneti ya nyumbani inayotumia laini ya simu. Ilikuwa imevalishwa kitambaa cha kufuma, rangi ya waridi, chenye matundu ya kupitisha taa zake. Taa zote ziliwaka kijani. Nilimwambia msichana kwamba kwa macho yangu haina tatizo, mtandao upo.

"Mtandao upo, kaka," alisema, akashuka. "Meseji ndiyo haiji."

Alinieleza huku anasugua mabega. Alikuwa amemaliza kidato cha sita na kuchaguliwa vyuo viwili. Sheria inataka mtu wa namna hiyo athibitishe kimoja, kwa kuingiza namba ya siri anayotumiwa kwenye simu. Asipothibitisha, nafasi anapewa mwingine, na yeye anasubiri mwakani. Dirisha la kuthibitisha lilikuwa linafungwa siku hiyo hiyo, Ijumaa. Namba ya siri aliiomba tangu Jumatatu.

"Uliomba itumwe kwenye simu gani?"

Akanyoosha kidole kwenye rauta.

Nilidhani ananitania. Lakini bibi alijibu kabla sijacheka. Simu, alisema, zinatumbukia kisimani, zinaibwa mnadani, mtu anaazima hairudi. Mwaka jana peke yake boma lile lilibadilisha namba mara tatu. Kimashine hakitoki nyumbani. Kimesajiliwa kwa kitambulisho chake na kidole chake. Kwa hiyo mjukuu alipojaza fomu na kufika mahali pa namba ya simu, bibi aliamua iandikwe namba ya boma.

Sikuona kosa katika hesabu hiyo, na hata sasa silioni. Tatizo lilikuwa moja tu: rauta haina kioo cha kusomea meseji.

Mama wa msichana alitoka jikoni akiwa na simu sikioni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, na aliishika simu kama mtu aliyeishika wiki nzima. Aliweka sauti kubwa ili na sisi tusikie. Kwa Kiswahili, bonyeza moja. Kwa huduma za intaneti, bonyeza nne. Simu yako ni muhimu kwetu. Halafu muziki, wimbo ule ule wa kinanda unaokatika mahali pale pale na kuanza upya. Msichana aliufuatisha kwa mdomo bila kujua. Kuku mmoja alipanda juu ya kigoda.

"Habari, pole kwa kusubiri," ilisema sauti ya kijana. "Nikusaidie nini?"

Mama alieleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, na maneno yalikuwa yameshalainika kwa kurudiwa.

"Pole sana kwa changamoto, mama. Naomba uzime kifaa, usubiri dakika moja, kisha uwashe."

"Nimezima tangu Jumatatu. Nimezima mara nyingi kuliko taa ya chumbani kwangu."

"Naomba uzime tena ili niweze kuendelea."

Msichana akachomoa waya. Tulisubiri dakika moja sote wanne. Akachomeka. Taa zikarudi moja moja.

"Sasa naomba ugeuze kifaa, chini yake utaona karatasi yenye anwani na neno la siri. Ukiingia kwenye ukurasa wa kifaa utaziona meseji zako."

Hilo lilikuwa jibu sahihi, na baadaye nilikuja kujua kwamba walikuwa wamepewa hilo hilo siku nne mfululizo. Ila chini ya rauta hapakuwa na karatasi. Palikuwa na alama ya gundi tu. Bibi alikuwa ameibandua siku kilipoingia nyumbani, kwa ukucha na maji ya moto, akidhani ni karatasi ya bei. Hakutaka wageni wakikigeuza wasome boma lake limetoa kiasi gani.

"Bila karatasi hiyo inakuwa changamoto," alisema kijana. "Kuna kingine naweza kukusaidia?"

Simu ilipokatika, nikafanya nilichokifanya. Nilisema tutoe laini kwenye rauta tuiweke kwenye simu yangu, meseji zitaingia. Waliniangalia kwa heshima. Bibi alisema, "Kumbe ni fundi." Nilitoa bisibisi, nikavua kile kitambaa cha waridi, nikatoa laini, nikaiweka kwenye simu yangu, ambayo msichana alikuwa ameshanichomekea dirishani ipate chaji. Simu ilitafuta mtandao. Ikaupata. Kisha ikaingia meseji moja, na bibi akasimama.

Haikuwa namba ya siri. Iliandikwa kwamba laini hii inaruhusiwa kutumika kwenye kifaa chake tu, na kwa kuwa imehamishwa, imezuiwa.

Niliisoma kwa sauti kwa sababu wote walikuwa wanasubiri. Niliirudisha laini kwenye rauta. Taa moja iligeuka nyekundu na haikubadilika tena. Asubuhi hiyo kabla sijafika, namba ilikuwa ndani ya kile kimashine na hakuna aliyeweza kuisoma. Baada ya mimi kufika, hata mtandao haukuwepo.

"Huyu fundi ametoka wapi?" mama alimuuliza bintiye.

"Ameshuka kwenye mabati."

Ikabidi kupiga tena. Muziki ulichukua muda mrefu zaidi. Safari hii alipokea kijana mwingine, mwenye sauti nzito, akasema kuzuiwa huko kunaweza kuondolewa kwa simu, ila lazima azungumze na mmiliki wa laini. Bibi alipewa simu. Alisikiliza, akasema "Ee," akasikiliza tena, akairudisha. Kiswahili cha haraka cha simu kilikuwa hakimkai masikioni.

"Mimi nitamjibia," alisema mama. "Yuko hapa mbele yangu, hasikii vizuri."

"Wewe ni nani wake?"

"Ndiye aliyenioa."

Tulisikia vitufe vya kompyuta. Kisha tukasikia vikinyamaza.

"Samahani, mama. Laini hii imesajiliwa kwa jina la mwanamke. Mzee sana."

"Ndiyo, huyo huyo."

"Huyo ndiye mume wako?"

"Nimekwambia ndiye aliyenioa. Ndiye aliyetoa ng'ombe kwetu."

Kwa watu wa huko hilo halina maajabu. Mama aliyezeeka bila mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe, akaoa msichana kama boma lolote linavyooa, na watoto atakaowazaa yule msichana wanakuwa wa boma la yule mama, wanabeba jina lake, wanarithi mifugo yake. Inaitwa nyumba ntobhu. Wanawake wale wawili hawakai kama mke na mume chumbani. Wanakaa kama watu wenye boma moja la kutunza. Nilikuwa nimelisikia jambo hilo Tarime mara nyingi, lakini nyumba kama hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia, na niliingia kwa ajili ya rauta.

"Mama, naomba tuwe makini," alisema yule kijana.

"Mimi niko makini. Unauliza, ninakujibu."

"Mwambie walikuwa ng'ombe kumi na mmoja," alisema bibi kutoka mlangoni. "Na mmoja alivunjika mguu njiani, nikapeleka mwingine. Mwambie aje awaulize walioona."

Kijana alisikia sauti ya nyuma, nadhani ndiyo iliyomtisha zaidi. Sauti yake ilibadilika ikawa ya kusoma. Alisema kwa usalama wa mteja laini ameifunga, na haitafunguliwa kwa simu tena. Mmiliki afike mwenyewe dukani na kitambulisho, athibitishwe kwa alama za vidole.

"Kuna kingine naweza kukusaidia?"

"Cha kwanza ulichonisaidia ni kipi?" mama aliuliza, lakini simu ilikuwa imeshakatika, na mwanamke wa kwenye kinasa sauti akawa anaomba tutoe maoni, moja kwa huduma mbaya, tano kwa huduma nzuri sana.

Nilimwambia angeweza kusema yeye ni binti wa bibi, mambo yangeisha. Aliniangalia kama mtu aliyeanza kunielewa na hakupenda alichokielewa.

"Binti yake nimekuwa lini? Ng'ombe waliingia kwetu mchana, watu wote wanaona. Leo nijifiche kwa mtu wa simu?"

Ilikuwa saa sita. Duka la karibu la kampuni ile lilikuwa Mugumu. Mama hakuweza kuondoka, alikuwa na ng'ombe wa kukamua jioni na watoto wadogo walikuwa shuleni. Ziliitwa bodaboda mbili. Bibi alivaa viatu vya kanisani, akaifunga rauta ndani ya kitenge pamoja na waya wake, akaipakata kifuani. Hakuna aliyeniambia nije, wala hakuna aliyeniambia nisije. Nilipanda nyuma ya msichana kwa kuwa mimi ndiye niliyeifunga laini ile, au angalau niliianzisha njia ya kufungwa.

Njiani msichana aliongea mara moja tu. Alisema mwaka mmoja si mrefu. Kisha, baada ya kona mbili, akasema wa mwaka jana aliyekosa dirisha alikuwa rafiki yake, na sasa ana mtoto mgongoni. Alilisema bila uchungu, kama anayenionyesha njia ya mkato.

Dukani palikuwa na viti vya plastiki vilivyoungana na watu wengi kuliko viti. Tulikaa, tukasimama, tukakaa. Juu ya ukuta palikuwa na picha ya familia inayocheka mbele ya rauta, na rauta yao haikuvalishwa kitambaa. Bibi aliitazama picha ile kwa muda.

"Hawa walikipata cha namna gani?" aliuliza.

Ilipokaribia saa kumi tukaitwa. Mhudumu alikuwa dada kijana ambaye lafudhi yake haikuwa ya huko, na alipokea kitambulisho cha bibi kwa mikono miwili na shikamoo. Alifungua kompyuta, akasoma, akainua uso, akasoma tena kwa sauti: "Anayepiga anadai ameolewa na mmiliki. Mmiliki ni mwanamke. Unashukiwa utapeli."

Watu wa kwenye viti walicheka. Mzee mmoja alisema kwa sauti, "Sasa utapeli uko wapi hapo?"

"Pole bibi," alisema dada. "Walioko makao makuu hawajui. Mimi mwaka wangu wa kwanza hapa niliwafunga wawili hivyo hivyo, mpaka mmoja akaniletea shahidi." Alisogeza mashine ndogo ya vidole. "Weka dole gumba la kulia."

Mashine iliwaka nyekundu.

"La kushoto."

Nyekundu. Dada alimfutia bibi mkono kwa kitambaa. Alimpeleka akanawe kwa sabuni. Alimpaka mafuta kidogo kwenye ncha za vidole, akayafuta, akajaribu cha shahada, cha kati, cha pete. Vidole vya bibi vilikuwa laini juu kama kijiti kilichoshikwa miaka mingi; mistari yote ilikuwa imeisha. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa kumi na nusu, na duka linafungwa saa kumi na moja. Msichana alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Bibi, vidole vyako havina alama."

"Vina alama zote. Mashine yako ndiyo haijawahi kulima."

"Sasa siku ya kusajili walikupimaje?"

Bibi akainua mkono wa kushoto, akatenga kidole cha mwisho, kidogo, kilichopinda kidogo kwa ndani. "Walitumia hiki. Hiki hakishiki jembe."

"Mbona hukusema tangu mwanzo?"

"Hukuniuliza. Ulisema dole gumba."

Alikiweka. Mashine ikawaka kijani.

Dada alianza kuandika kwa haraka. Kisha akaomba rauta. Bibi aliifungua kutoka kwenye kitenge, dada akaichomeka kwenye soketi ya mezani kwake, akaigeuza kutafuta karatasi, akaona gundi, akatuangalia sisi mmoja mmoja, akapiga simu kwa mtu wa ndani akapata neno la siri. Taa nyekundu iliendelea kuwa nyekundu. Halafu ikawa kijani.

Msichana alifungua ukurasa wa meseji kwenye simu yangu. Zilikuwa nyingi. Ndugu mteja, furahia wikendi. Ndugu mteja, je, wajua? Ndugu mteja, asante kwa kutupigia, tumefurahi kukuhudumia. Hiyo ilijirudia kwa kila simu waliyopiga wiki ile. Katikati yake, ya Jumatatu asubuhi, ilikuwa namba ya siri. Iliingia dakika ile ile alipoiomba. Siku zote nne walipokuwa wanaigeuzia rauta Mugumu na Tarime, ilikuwa imekaa humo ndani.

Alifungua ukurasa wa kuthibitisha chuo, akaiandika kwa kidole kimoja, akiitamka tarakimu kwa tarakimu. Ukurasa ulizunguka. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na niliona sikio lake tu. Kisha alisema neno moja kwa Kikurya, na bibi akakaa kwenye kiti cha plastiki cha mtu mwingine.

"Wamekubali?" aliuliza bibi, kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie.

"Wamekubali."

"Kwa kidole changu?"

"Kwa kidole chako."

Dada alimshauri msichana abadilishe namba kwenye fomu zake, aweke ya simu ya mkononi, maana chuo kitaendelea kutuma meseji. Bibi alikataa kabla mjukuu hajafungua mdomo. Huko chuoni, alisema, simu itaibwa wiki ya kwanza. Namba ya boma ibaki. Dada aliandika neno la siri jipya kwenye karatasi, akaibandika chini ya rauta kwa selotepu, tabaka tatu, akaisugua kwa kiganja.

"Hii si bei, bibi."

"Nimesikia."

Nje jua lilikuwa limeanza kulala. Bodaboda za kurudi Mbalibali ziliitwa. Msichana alinirudishia simu, chaji imeisha kabisa. Bibi aliniuliza nitalala wapi, nikasema sijui, Mugumu nilikuwa sijawahi kufika. Aliwaambia waendesha bodaboda wasubiri. Tulitembea watatu, yeye mbele na rauta kifuani, tukapita mafundi cherehani na mahali wanapochoma mahindi, mpaka kwenye gesti ya ukuta wa bluu ambayo mwenyewe, alisema, ni wa ukoo wao.

Mama wa mapokezi alisalimiana na bibi kwa Kikurya, kirefu, kisha akafungua daftari la wageni. Daftari lilitaka kabila, kazi, ninakotoka na ninakokwenda. Nilijaza ninakotoka. Akanitazama, akatazama begi, akamgeukia bibi.

"Huyu ni nani wako?"

Bibi alinitazama na yeye. Alikuwa kama mtu anayetaka kujibu kwa usahihi.

"Ndiye aliyetufungia laini," alisema.

Mama yule akachukua ufunguo ukutani, akanipa. Chumba namba nne, kilikuwa na kitanda, ndoo, na soketi moja karibu na mto. Nilichomeka simu, nikakaa kitandani, nikazisikia bodaboda zao zikiwaka barabarani.